Mirungi ya Upareni na swali alilobaki nalo Ibn Hajar



Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu. Kama una haraka lihifadhi, ulisome kwa utulivu baada ya Isha. Nimeahidi kulileta tangu mwezi wa Rajab, na kila nikikaa kuliandika naona haya. Sababu ya haya hiyo utaiona sasa hivi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufundisha Same. Mnaoijua Same mnajua: mji uko chini, kwenye joto na vumbi la barabara kuu ya Arusha, na Milima ya Upare imesimama juu yake kijani kibichi kama nchi nyingine kabisa. Siku ya pili baada ya Magharibi akaletwa kijana kutoka milimani. Bodaboda, umri wake hata miaka 25 hakufika. Anasikia watu wanamteta nyuma ya ukuta. Akiona taa ya pikipiki barabarani anasema wale wanakuja kwa ajili yake. Jani likianguka juu ya bati, kwake ile ni ishara aliyopewa mtu mwingine. Mama yake akaniambia, "Sheikh, mwanangu wamemtupia kitu." Nami, Allah anisamehe, nikakubali kabla sijauliza hata swali moja. Nikasoma. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaanza mpaka kumwambia huyo jini atoke kwa jina.

Usiku wa nne akaja mjomba wake, muuguzi mstaafu. Akakaa kimya mpaka nilipomaliza, akaniita pembeni kwa adabu. "Sheikh, umemuuliza amelala lini mara ya mwisho? Na umemuuliza anatafuna nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Kijana alikuwa anasafirisha mizigo usiku na kutafuna mirungi asilale. Kwa hesabu ya ndugu zake alikuwa na karibu siku tano bila usingizi wa maana, na mafungu ya mirungi yalikuwa yameongezeka kila siku. Akapelekwa hospitali, akapewa dawa, akalala, akalala tena. Baada ya siku kadhaa sauti zikapungua, kisha zikaondoka.

Elewa vizuri hapa, maana najua wapo watakaoishika sentensi hii na kukimbia nayo. Sisemi Qur'ani si shifaa. Qur'ani ni shifaa, na majini wapo, hiyo ni itikadi yetu. Tatizo halikuwa kwenye aya. Tatizo lilikuwa kwa msomaji aliyetoa hukumu juu ya mtu bila kumchunguza. Na nilipoanza kutafuta wanazuoni wetu walisema nini kuhusu jani hili, nikakuta walikuwa waangalifu kuliko mimi, miaka zaidi ya 450 kabla yangu.

Twende nao pole pole.

Mnakumbuka Umar bin Khattab (r.a.) alipopanda mimbari akaeleza maana ya khamr. Baada ya kutaja vitu vinavyotengenezewa, aliirudisha maana kwenye kitendo chake: kile kinachoifunika akili. Neno hilo lina mzizi mmoja na khimar, mtandio anaojifunika mwanamke kichwani. Kwa hiyo tangu mwanzo swali la sharia halikuwa "ni kinywaji gani?" Lilikuwa "kinafanya nini kwenye akili?" Na hilo, ukilitazama, ni swali la ubongo.

Waislamu walipokutana na hashishi, swali likawa gumu, kwa sababu ile hainywewi kama mvinyo wala mlaji wake hafanani na mlevi wa mvinyo. Imam al-Qarafi wa Misri, Mmaliki, aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), alikaa akagawa mambo haya kwa makini sana. Kuna kinachoiondoa akili na kumletea mtu furaha na ushujaa wa uongo: hicho ni muskir, kilevi. Kuna kinachozima hisia kama usingizi: hicho ni murqid. Na kuna kinachoivuruga akili, mtu akawa na fikra zisizokaa sawa, bila ile furaha ya mvinyo: hicho akakiita mufsid, kiharibifu. Hashishi akaiweka kwenye fungu hili la tatu. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728) hakukubali, akasema hashishi ni kilevi na hukumu yake ni ya kilevi. Imam az-Zarkashi, Mshafii, aliyefariki 794, akaiandikia risala nzima.

Msidhani ni ubishi wa maneno. Wanatofautiana juu ya adhabu, juu ya najisi, juu ya swala. Lakini angalia wanabishana kwa kutumia nini. Wanauliza: mlaji anacheka au ananyamaza? Anakuwa jasiri au mwoga? Anaona vitu vilivyopo au visivyokuwepo? Wanachunguza hali ya mtu.

Sasa mirungi. Waarabu wanaiita qat, Wakenya miraa, na huku kwetu vijana wana majina yao, gomba, veve, jani. Ni mti wa nyanda za juu, unapenda baridi na mvua, ndiyo maana unaukuta Harar kule Ethiopia, Yemen, Meru, na kwenye Milima ya Upare. Kinacholiwa ni machipukizi laini na maganda yake. Al-Umari, mwandishi wa Dameski aliyefariki mwaka 1349, ameutaja katika habari za Waislamu wa Uhabeshi. Yemen ikawa maarufu zaidi, na mti ukaingia hata kwenye vikao vya dhikri, watu wakesha usiku wasisinzie. Kahawa nayo ilianza hivyo hivyo. (Na kahawa ilipata mashaka yake: mwaka 1511 Khair Beg, mkuu wa Makka, aliwakusanya wanazuoni na matabibu wakaipiga marufuku, kisha Cairo ikalegeza. Leo ndiyo tunayokunywa barazani kabla ya darasa. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kuharamisha kila kinachochangamsha.)

Sasa tumfikie mtu wetu, Ibn Hajar al-Haytami, rahimahullah. Si Ibn Hajar yule wa Fat-hul Bari, yule ni al-Asqalani. Huyu ni wa Tuhfa, aliyezaliwa Misri, akahamia Makka, akafariki huko mwaka 974 Hijria (1567). Sisi Mashafii wa pwani ya Afrika Mashariki, nusu ya tunachofundishwa katika fiqhi kinapita mikononi mwake au mikononi mwa ar-Ramli. Huyu akiwa Makka aliletewa maandiko matatu kutoka kwa watu wa Sanaa na Zabid, Yemen, kuhusu qat. Mawili yanasema ni haramu, moja linasema ni halali. Wakamwomba aseme neno la mwisho.

Akaandika risala maalumu ya kuwatahadharisha watu waaminifu na qat. Msomaji anasubiri fatwa kali. Lakini kilichomo humo ni uchunguzi. Anasema habari walizomletea waliokula zinagongana. Huyu anasema nilichangamka nikaswali usiku kucha. Yule anasema nilivurugikiwa, nikakosa usingizi, nikapata huzuni. Wote ni watu wazima, wote wameionja, na mashahidi wa namna hii hawakanushani kirahisi. Akafikiri huenda maumbile ya watu yanatofautiana, huyu linamdhuru na yule halimdhuru. Kwa sababu hiyo akajizuia kutamka uharamu wa moja kwa moja kwa kila mtu, huku akisema kwamba anayejali dini yake ajiepushe nalo, kwa sababu lina shubha nzito.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Imam mwenye bahari ya elimu anasema ushahidi haujamtosha, na mimi kijana wa simu na spika nilitoa hukumu ya jini kwa dakika mbili.

Swali lake likabaki wazi: kwa nini mashahidi wanagongana? Jibu lilikuja kidogo kidogo, na safari yake ni ndefu.

Mwaka 1763 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Peter Forsskål alikuwa Yemen katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Akauandika mti huu, akaupa jina la kisayansi la Catha. Hakurudi kwao, alikufa kwa malaria huko huko Yemen mwaka huo. Mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye alikuja kubaki peke yake hai katika msafara ule, akazichapisha karatasi zake mwaka 1775. Mwaka 1930 wanakemia wakatambua ndani ya jani kitu kinachoitwa kathini, wakadhani wamemaliza. Lakini nguvu ya kathini ilikuwa ndogo, haikulingana na habari za watafunaji. Mpaka mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, iliyokuwa Geneva, ilipochunguza majani mabichi badala ya makavu. Humo wakakuta kitu kingine chenye nguvu zaidi: kathinoni.

Hapa ndipo fundo linapofunguka. Kathinoni haidumu. Jani likikatwa inaanza kubadilika, na likinyauka kwa siku mbili tatu sehemu kubwa imeshageuka kuwa kathini, ile dhaifu. Mtafunaji hana haja ya maabara kulijua hilo. Ndiyo maana mirungi inafungwa kwenye migomba ikiwa na umande, ndiyo maana magari yake yanakimbia kama yanawahi mgonjwa. Sasa mrudie Ibn Hajar na mashahidi wake. Huyu amekula jani la asubuhi, yule la juzi. Huyu ametafuna kidogo, yule kutwa nzima. Huyu kichwa chake kina uzima, yule ana ugonjwa uliojificha ambao haujui. Wanagongana, na hakuna muongo kati yao.

Na inafanya nini kichwani? Nitasema kwa lugha ya nyumbani. Chembe za fahamu ndani ya ubongo hazigusani. Kati yake kuna nafasi ndogo mno, na ujumbe unavushwa na vitu maalumu kama watu wa kivuko. Mmoja wao anaitwa dopamini, mwingine noradrenalini. Kwa kawaida mjumbe anavuka, anatoa habari, kisha anarudishwa nyumbani. Kathinoni, kama ndugu yake amfetamini, inaingia kwenye stoo, inawatoa wajumbe nje kwa wingi, na inazuia wasirudishwe. Moyo unakwenda mbio, njaa inakimbia, usingizi unakimbia, ulimi unafunguka. Ndiyo "stimu" wanayoisema vijana. Ikiisha, stoo imepungua: mtu ananuna, mzito, hataki kusemeshwa na mkewe wala watoto.

Lakini dopamini ina kazi nyingine ambayo ndiyo iliyomleta yule kijana kwangu. Inauambia ubongo kipi ni muhimu. Kila dakika unapokea maelfu ya vitu, sauti ya kuku, kivuli, mtu anakohoa, na karibu vyote unavipuuza. Dopamini ikifurika, alama ya "hiki kinakuhusu" inagongwa juu ya kila kitu. Jani juu ya bati linakuhusu. Taa ya pikipiki inakuhusu. Ongeza siku tano bila kulala, na akili inaanza kutunga kisa cha kuyaunganisha yote hayo: kuna watu, wananifuata. Wengi wanaotafuna hawafiki hapo, lazima niwe mkweli. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliihesabu mirungi kuwa kitu kinacholeta utegemezi wa kiakili wa kiasi kidogo hadi cha kati; haliko sawa na heroini. Lakini wanaofika hapo wapo, na madaktari wa nchi za mirungi wanawajua.

Ziko dawa nyingine zinazokwenda mbali zaidi, zile za kumwonesha mtu maruweruwe. Mfano wake mashuhuri ni LSD. Albert Hofmann, mwanakemia wa Uswisi, aliitengeneza mwaka 1938 akitokea kwenye kuvu inayoota juu ya nafaka. Tarehe 19 Aprili 1943 akaijaribu mwilini mwake, robo ya miligramu tu, huwezi hata kuiona vizuri kwa jicho. Akarudi nyumbani kwa baiskeli na dunia inayumba mbele yake. Jirani akamletea maziwa, Hofmann akamwona ni mchawi mbaya mwenye sura ya kinyago. Na kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alihisi shetani amemwingia na kuutwaa mwili wake.

Soma tena hapo. Mzungu, mwanasayansi, katika mji wa Basel, anaona mchawi na anahisi amepandwa na shetani. Kama angeletwa kwangu usiku ule Same, ningemsomea na kumwamrisha jini atoke, na asubuhi alipoamka mzima, maana kweli aliamka mzima, ningejitangaza. LSD haipiti mlango wa kathinoni. Inashika sehemu za kupokea mjumbe mwingine, serotonini, katika maeneo yanayopanga picha tunayoiona na hisia ya mimi ni nani. Ndiyo maana rangi na maumbo yanabadilika papo hapo, wakati mla mirungi macho yake yanaona sawa ila maana ya anachokiona ndiyo inayopotoka. Milango miwili tofauti. Ukiniuliza mimi, al-Qarafi alikuwa amesimama mbele ya milango hiyo hiyo akiwa na macho na masikio tu, na alikosea kidogo sana.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeniandikia inboksi kwamba "sheikh, mirungi hailevyi, mbona siyumbi?": kuyumba hakujawa kipimo kwa wanazuoni wetu hata siku moja. Katika Abu Daud ipo hadithi ya Ummu Salama (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kilevi na pia kile kinacholegeza na kudhoofisha mwili. Wanazuoni wa leo wametofautiana kuhusu jani hili, na wa Yemen wapo mpaka sasa wanaolitafuna. Mimi nimeegemea kwa wanaolikataza, kwa sababu swala zinapita mtu yuko kijiweni, kwa sababu hela ya unga inaishia kwenye fungu, na kwa sababu ya yule kijana.

Na sheria ya nchi yetu imelimaliza kwa upande wake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeuweka mti wa mirungi pamoja na bangi, na Mamlaka imepanda mara kwa mara milimani Same, kata ya Tae na kwingine, kufyeka na kuchoma mashamba. Wakati huo huo ng'ambo ya mpaka, Kenya, sheria ya mwaka 2016 imelitambua kuwa zao la biashara. Uingereza waliliruhusu miaka mingi, wakalifunga Juni 2014. Mkulima wa Kipare anayaona yote haya. Nimekaa nao. Si majambazi. Ni watu wa msaragambo, wanaochimba mifereji na ndiva pamoja kama babu zao, wanaolima kahawa na tangawizi kwenye miteremko ambayo wewe wa mjini hata kuitembea huwezi. Kahawa inangoja mwaka. Mirungi unaichuma leo, jioni una hela. Anayewataka waiache, na mimi ni mmoja wao, aseme pia watoto watakula nini msimu huu.

Mwaka jana nilirudi Same. Kijana ni mzima alhamdulillah, hatafuni, ingawa anasema usiku mwingine bado akisikia pikipiki moyo unapiga. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama akacheka, akasema, "Sheikh, na mimi ndiye niliyekwambia." Kisha baba yake, mzee aliyeng'oa miti yake mwenyewe kabla hajafikiwa, akanisogelea tukitoka msikitini. Alisomesha watoto wanne kwa jani lile, mmoja wao sasa ni mwalimu. Akataka kujua hali ya ile ada aliyolipa miaka yote hiyo, na kama mshahara wa mwanawe una doa.

Nilimpa jibu fupi pale pale lililomtuliza, lakini suala lake linahitaji dalili na kauli za wanazuoni, hivyo nitalileta peke yake Alhamisi ijayo inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.